Juan Trippe: Mwasisi wa Pan Am aliyeagiza Jumbo na kuwafungulia anga watu wa kawaida

KILA abiria wa kawaida anayevuka bahari akiwa ameketi katika ndege pana yenye vijia viwili ananufaika na uamuzi uliofanywa mnamo 1966 na Mmarekani mmoja aliyependa kuifanya mipango yake kuwa siri.

Mtu huyo, Juan Trippe, alikuwa mwasisi wa shirika la ndege la Pan American World Airways, almaarufu Pan Am. Ndiye aliyeagiza ndege ya kwanza ya Boeing 747, iliyokuja kujulikana kote duniani kama Jumbo, wakati ambapo ndege hiyo ilikuwa ingali michoro tu.

Uamuzi huo uliwawezesha mamilioni ya watu kusafiri. Hata hivyo, ulikuwa pia miongoni mwa mizigo iliyolilemea shirika lake hadi likaanguka, na waliobeba mzigo huo hasa ni wale aliowaachia kazi: wasimamizi, marubani na mafundi.

Trippe alizaliwa Juni 27, 1899 katika mji wa Sea Bright, jimbo la New Jersey. Jina Juan liliwafanya wengi kudhani kwamba alikuwa na asili ya Kihispania ilhali ukoo wake ulitoka kaskazini mwa Ulaya. Alipewa jina hilo kwa heshima ya jamaa wa mamaye aliyeitwa Juanita. Dhana hiyo potovu haikumdhuru alipoanza kutafuta vibali vya kutua katika mataifa ya Amerika ya Kusini.

Babake alifanya biashara ya benki jijini New York na alimpeleka mwanawe, akiwa angali mvulana mdogo, kutazama ndege za kwanza zikiruka juu ya bandari ya jiji hilo. Tangu wakati huo, kijana huyo hakuacha kuzifikiria.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale lakini akakatiza masomo ili kufunzwa urubani katika jeshi la majini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilimalizika kabla hajapelekwa ng'ambo, akarejea chuoni na kuhitimu 1921.

Baada ya kufanya kazi kwa muda mfupi katika soko la fedha, Trippe alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Long Island Airways. Ilitumia ndege kuukuu za jeshi la majini kuwapeleka matajiri wa New York kwenye fuo za kujivinjari.

Ni katika biashara hiyo ambapo alijifunza somo lililotawala maisha yake yote. Ndege zake zilikuwa na nafasi ya abiria mmoja tu pamoja na rubani. Trippe aliamuru zifungwe injini zenye nguvu zaidi na kupangwa upya ili abiria wa pili apate kiti. Rubani alikuwa yule yule na safari ilikuwa ile ile, lakini mapato yaliongezeka maradufu.

Kampuni hiyo haikudumu, ila somo lilibaki. Trippe alijiunga na kampuni nyingine, Colonial Air Transport, iliyosafirisha barua kati ya New York na Boston. Huko nako alikosana na wenye hisa ambao hawakuvutiwa na mipango yake ya kupanuka haraka, akaondoka mnamo 1927.

KUTOKA KEY WEST HADI MANILA

Mwaka huo huo, akisaidiwa na marafiki matajiri aliosoma nao, Trippe alifika mjini Havana na kupata kutoka kwa Rais Gerardo Machado kibali cha kutua Cuba. Makundi mengine yaliyokuwa yakiwania njia hiyo yalijikuta hayana pa kutua, yakalazimika kuungana naye. Muungano huo ndio ulioizaa Pan Am ya Trippe.

Safari ya kwanza nusura isifanyike. Mkataba wa serikali ulitaka barua zifikishwe Havana kufikia Oktoba 19, 1927, na ndege za shirika hazikuwa tayari. Ilibidi kukodishwe ndege ndogo ya watu wengine iliyobeba magunia ya barua kutoka Key West, jimbo la Florida, na kuivuka bahari siku hiyo ya mwisho.

Kutoka mwanzo huo mnyonge, Pan Am ilienea Amerika ya Kusini kwa kasi. Rubani maarufu Charles Lindbergh, aliyekuwa amevuka Atlantiki peke yake mnamo 1927, alikuwa mshauri wa shirika na alisaidia kuchunguza njia mpya.

Ofisini mwake, Trippe aliweka tufe kubwa lenye ramani ya dunia. Alikuwa na mazoea ya kunyoosha uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine juu ya tufe hilo ili kupima umbali.

Kwa kuwa miji mingi haikuwa na viwanja vya ndege, alitegemea ndege kubwa zilizoruka na kutua majini. Mnamo Novemba 22, 1935, ndege iliyoitwa China Clipper iliondoka eneo la San Francisco ikiwa na barua. Ilifika Manila, Ufilipino, Novemba 29 baada ya kutua Honolulu, Midway, Wake na Guam. Mnamo 1939 Pan Am ilianza pia kubeba abiria kuvuka Atlantiki.

Bara la Afrika halikuachwa nyuma. Japani iliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, ndege moja ya Pan Am ilikuwa upande wa pili wa Pasifiki na haikuweza kurudi kwa njia iliyoijia. Rubani Robert Ford na wenzake walielekea magharibi, wakatua juu ya Mto Nile huko Khartoum na juu ya Mto Congo huko Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, kabla ya kuvuka Atlantiki. Waliwasili New York Januari 6, 1942.

NAULI YA MTU WA KAWAIDA

Vita vilipokwisha, Trippe aliona kwamba usafiri wa angani ungebaki anasa ya wachache iwapo nauli hazingeshuka. Mashirika mengine na baadhi ya serikali za Ulaya yalimpinga vikali, yakihofia kwamba nauli nafuu zingeyaharibia biashara.

Alishikilia msimamo wake. Mnamo 1952 daraja la watalii, lenye viti vilivyobanana na nauli ya chini, lilianza rasmi kwenye safari za Atlantiki. Waalimu, makarani na wahamiaji waliotaka kuwaona jamaa zao walianza kupanda ndege waliyozoea kuiona magazetini tu.

Mnamo Oktoba 1955 aliagiza ndege 45 za jeti kwa mpigo: 20 za Boeing 707 na 25 za Douglas DC-8. Kwa kugawanya oda hiyo aliwachochea watengenezaji hao wawili kushindana, na Boeing ikalazimika kuikuza ndege yake ili iweze kuvuka Atlantiki bila kutua njiani. Oktoba 26, 1958, Boeing 707 ya Pan Am ilianza safari za New York hadi Paris.

Wasafiri waliongezeka hadi viwanja vikafurika. Trippe akalikumbuka somo la Long Island: badala ya kuongeza idadi ya ndege, ongeza viti.

Alizungumza na William Allen, mkuu wa Boeing aliyekuwa rafiki yake. Wawili hao walikubaliana kwamba mmoja angeijenga ndege kubwa kupita kiasi na mwingine angeinunua. Aprili 1966 Pan Am ilitangaza kununua ndege 25 kwa dola milioni 525, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kutumika kuagiza aina moja ya ndege ya abiria.

Trippe alitaka ndege ya ghorofa mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Wahandisi wa Boeing wakiongozwa na Joe Sutter walihofia kwamba abiria wa ghorofa ya juu wangepata taabu kutoka upesi wakati wa ajali. Walipendekeza ukumbi mmoja wenye upana wa mita 6 hivi na vijia viwili. Trippe alisafiri hadi Seattle, akaingia katika mifano ya mbao ya miundo yote miwili, na akakubali kwamba wahandisi walikuwa na haki.

Jambo jingine lilitokana na hesabu iliyokuja kukosewa. Trippe, sawa na wataalamu wengi wa wakati huo, aliamini kwamba ndege zenye kasi kuliko sauti zingewachukua abiria wote baada ya miaka michache na Jumbo ingebaki kubeba shehena. Kwa hivyo chumba cha marubani kiliwekwa juu ili pua ya ndege iweze kufunguliwa kupakia mizigo. Nundu maarufu ya Jumbo ilizaliwa hivyo, na Trippe mwenyewe ndiye aliyesisitiza kwamba nafasi iliyobaki nyuma ya marubani itumiwe na abiria.

MZIGO WA MARUBANI NA MAFUNDI

Mnamo Mei 1968, kabla Jumbo ya kwanza haijaruka, Trippe alistaafu na kumwachia usukani Harold Gray. Ahadi ilikuwa yake, lakini kuitimiza lilikuwa jukumu la wengine.

Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza Februari 9, 1969 ikiongozwa na Jack Waddell, Brien Wygle na Jess Wallick. Ilikuwa na urefu wa mita 70, magurudumu 18 na mkia uliofikia kimo cha jengo la ghorofa sita.

Marubani walilazimika kujifunza upya hata kuitembeza ndege ardhini, kwa maana waliketi juu sana na mbele ya magurudumu. Boeing ilijenga mfano wa chumba cha marubani juu ya nguzo ndefu, ikauweka kwenye lori na kuutumia kuwafunza kukata kona.

Nyuma yao aliketi mhandisi wa ndege, aliyetazama ukuta wa saa na swichi. Kazi yake ilikuwa kusawazisha mafuta kati ya matangi, kuangalia umeme, hewa na mitambo ya mafuta ya shinikizo, na kuwa wa kwanza kugundua hitilafu. Nafasi yake iliondolewa tu katika aina ya 747-400, iliyoanza kubeba abiria 1989.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa injini. Jumbo ilikuwa imeongezeka uzito wakati wa kuundwa, na injini mpya za Pratt & Whitney zilitakiwa kutoa nguvu kupita zilivyokusudiwa. Nguvu hiyo ililipinda gamba la injini, likapoteza mviringo wake. Ncha za mapanga ya ndani zilisugua upande mmoja na kuacha pengo upande mwingine, injini ikapoteza nguvu na kupata joto jingi.

Mafundi walilazimika kuzishusha injini mara kwa mara na kuzifunga nyingine huku suluhisho likitafutwa. Katika kiwanda cha Everett, ndege mpya zilipangwa uwanjani zikiwa hazina injini, huku matofali makubwa ya saruji yakining'inizwa kwenye mabawa ili zisipoteze usawa.

Januari 15, 1970, Bi Pat Nixon, mkewe Rais Richard Nixon, aliizindua Jumbo ya Pan Am karibu na Washington. Siku sita baadaye zaidi ya abiria 300 waliingia katika ndege jijini New York tayari kwenda London. Injini moja ilipata joto kupita kiasi kabla ya kupaa, wakateremshwa. Walisubiri kwa saa kadhaa hadi ikaletwa ndege nyingine, iliyoitwa Clipper Victor, wakaondoka usiku wa manane ukiwa umepita.

Ndege hiyo ya akiba ilikuwa na majaliwa ya ajabu. Agosti 1970 ilitekwa nyara na kupelekwa Havana, mji ule ule ambako Pan Am ilianzia, na Fidel Castro akafika uwanjani kuitazama. Machi 27, 1977, ikiwa katika ukungu wa uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, iligongwa na Jumbo ya shirika la KLM iliyokuwa ikipaa bila idhini. Watu 583 walifariki, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika ajali nyingine yoyote ya ndege za abiria.

NAIROBI, NOVEMBA 1974

Wakenya walikuwa tayari wameujua kwa uchungu uzito wa kuiendesha ndege ya aina hiyo. Ajali ya kwanza ya Jumbo kusababisha vifo ilitokea Nairobi, katika uwanja wa Embakasi ambao sasa unaitwa Jomo Kenyatta.

Asubuhi ya Novemba 20, 1974, ndege ya shirika la Lufthansa iliyotoka Frankfurt kuelekea Johannesburg iliinuka kidogo tu kisha ikaanguka ng'ambo ya njia ya kurukia. Kati ya watu 157 waliokuwa ndani, 59 waliaga dunia.

Uchunguzi ulibaini kwamba vipande vya mbele ya mabawa, vinavyofunguliwa ili kuipa ndege nguvu ya kuinuka, vilikuwa vimefungwa. Mfumo wa hewa unaoviendesha haukuwa umewashwa, na ukaguzi wa kabla ya kupaa haukuligundua kosa hilo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na za mabawa.

Ajali hiyo ilichangia kuboreshwa kwa mfumo wa kuwaonya marubani kabla ya kupaa.

NGOMA YAPASUKA

Upande wa biashara nao haukuwa salama. Somo la Long Island lilikuwa na sharti ambalo Trippe hakulizingatia vya kutosha: viti viwili huleta mapato maradufu iwapo tu abiria wa pili yupo. Kiti kitupu hakilipi mafuta.

Jumbo za Pan Am zilifika wakati uchumi ulipokuwa umedorora na washindani wakinunua ndege hizo hizo. Mzozo wa mafuta wa 1973 ulipandisha gharama mara dufu na zaidi. Aidha, Pan Am haikuwa na safari za ndani ya Marekani ambazo zingeikusanyia abiria wa kujaza ndege zake kubwa. Sheria za Marekani zilipolegezwa mnamo 1978, mashirika yaliyokuwa na mtandao huo nyumbani yalijitosa katika safari za kimataifa.

Trippe aliendelea kufika ofisini katika jengo refu la Pan Am jijini New York, lililofunguliwa 1963, akitazama kazi ya maisha yake ikisambaratika. Mnamo 1980 jengo lenyewe liliuzwa ili kulipia hasara.

Alifariki Aprili 3, 1981 jijini humo akiwa na umri wa miaka 81, akamwacha mjane wake Betty na watoto wanne. Mnamo 1985 serikali ya Marekani ilimtunuku, baada ya kifo chake, Nishani ya Rais ya Uhuru.

Hakuishi kuona njia za Pasifiki, zile zilizofunguliwa na China Clipper, zikiuzwa kwa shirika la United. Wala hakuona Jumbo ya Pan Am ikilipuliwa kwa bomu juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, Desemba 21, 1988, ambapo watu 270 waliuawa. Pan Am ilifunga shughuli zake Desemba 4, 1991, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza ajira.

Jijini Nairobi, ambako ndege za Pan Am zilitua kwa miaka kadhaa, jina moja lililotokana na Trippe lilibaki kwa muda mrefu. Hoteli ya InterContinental, iliyofungwa 2020, ilitumia jina la kampuni ya hoteli ambayo Pan Am ilianzisha mnamo 1946 ili abiria wake wapate pa kulala.

Ndege aliyoiagiza ilidumu kuliko yeye na kuliko shirika lake. Boeing iliunda 747 zipatazo 1,574 na kumkabidhi mnunuzi ile ya mwisho Januari 31, 2023. Wakati wa janga la corona mnamo 2020, mashirika ya British Airways, Qantas na KLM yaliziondoa Jumbo zao katika safari za abiria na kutegemea ndege za injini mbili, ambazo hutumia mafuta machache na ni rahisi zaidi kujaza.

Nyingi ya ndege hizo mpya zina upana na vijia viwili vilivyokubaliwa kule Seattle, na nauli zinazowezesha watu wasio matajiri kuketi ndani yake. Wanafunzi wa Kenya wanaokwenda ng'ambo na wazazi wanaowatembelea watoto wao ughaibuni ni miongoni mwa watu ambao Trippe aliwawazia alipotaka viti viongezwe, ingawa shirika lake lililipia wazo hilo kwa uhai wake.